Si Kila Uvimbe wa Mkono ni Jipu

Ukurasa huu mmezoea kuuona ukizungumzia masomo ya watoto wetu na hali ya lugha yetu ugenini. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuyaweke hayo kando, tuzungumzie mikono. Sababu yake ni kisa kilichompata mzee mmoja wa jamii yetu hapa Uingereza, kisa ambacho sisi wenyewe tulikuwa na sehemu katika makosa yake. Mwenyewe ametupa idhini ya kukisimulia kwa sharti tusimtaje jina, na hospitali nayo hatutaitaja.

Mzee huyu ni mtu wa Unguja, umri wake umepita miaka 70, na tangu alipostaafu kazi yake ni kudarizi kofia. Mwishoni mwa mwaka 2022 alitokewa na kijipele kwenye mgongo wa kiganja cha mkono wa kushoto, pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Alidhani amejichoma sindano, jambo la kila siku kwa mdarizi. Baada ya siku mbili kijipele kilikuwa uvimbe wenye maumivu makali, katikati kama una usaha, na kingo zake zimegeuka rangi ya zambarau iliyokoza. Nyumbani wakafanya wanayoyajua watu wote: maji ya moto na chumvi, kisha mmoja wa vijana akachukua sindano, akaipitisha motoni, akalitumbua. Asubuhi yake uvimbe ulikuwa mara mbili ya ulivyokuwa jana.

Daktari wa mtaa alimpa antibayotiki za siku saba. Hazikufaa kitu. Alipopelekwa hospitali tulifuatana naye kama wakalimani, kwani Kiingereza chake ni cha sokoni. Alisema "jipu", nasi tukatafsiri jipu. Neno likaandikwa, na likishaandikwa neno la kwanza katika faili, kila anayekuja nyuma yake hulisoma kabla ya kumtazama mgonjwa. Lilipasuliwa ili usaha utoke. Usaha ulikuwa mchache, na ulipopelekwa maabara haukuota kijidudu chochote. Kidonda kikapanuka kupita pale kisu kilipopita. Kikapasuliwa tena. Homa ikampanda, na kabla ya wiki kwisha uvimbe wa namna ileile ukachomoza kwenye mkono wa kulia, mahali palepale, kama uliopimwa kwa rula. Hapo mkewe akauliza swali ambalo sote tuliosoma hatukuliuliza: jipu la mkono wa kushoto limevukaje hata likafika wa kulia?

Siku iliyofuata alikuja daktari wa ngozi, mwanamke kijana. Alitazama mikono yote miwili kwa muda mrefu bila ya kusema neno, kisha akauliza kama mzee ana ugonjwa mwingine wowote. Mzee akajibu, "Hapana, uzee tu." Nasi, Mungu atusamehe, tukatafsiri kwamba hana kitu. Daktari hakuridhika. Akauliza kwa njia nyingine: akipanda ngazi za nyumbani kwake, husimama mara ngapi? Mzee akasema husimama mara mbili, na kwamba mwaka uliopita alikuwa hasimami. Akauliza juu ya mabaka ya damu iliyovilia mapajani. Mzee akasema labda amejigonga mezani, ingawa hakumbuki lini. Yote hayo yalikuwamo ndani ya maneno mawili "uzee tu", na sisi tuliyaacha njiani.

Ugonjwa alioushuku daktari yule ni wa nadra, na jina lake la kitaalamu ni refu: dematosisi ya nyutrofili ya mgongo wa kiganja. Nyutrofili ni aina moja ya chembe nyeupe za damu. Ni askari wa mwanzo wa mwili. Kijidudu kikiingia penye jeraha, ndizo zinazokimbilia pale, na usaha tunaouona sehemu kubwa yake ni mizoga yao. Katika ugonjwa huu askari hawa hujazana ndani ya ngozi ya mkono pasipo adui yeyote. Huleta uvimbe, maumivu, joto, malengelenge na kidonda, yaani dalili zote za vita. Ndiyo maana antibayotiki hazisaidii: hakuna kijidudu cha kuuawa.

Jambo la pili lililo geni zaidi ni kwamba kuigusa ngozi hiyo kwa chuma huichochea. Mchomo wa sindano, mkwaruzo, kisu cha daktari mpasuaji, kila kimoja huweza kuwaita askari wengine zaidi. Tabia hii madaktari wanaijua pia katika ugonjwa wa Behçet, ulioitwa kwa jina la daktari wa ngozi wa Uturuki, Hulusi Behçet, aliyeueleza mwaka 1937. Basi mzunguko unakuwa huu: uvimbe unaonekana kama jipu, jipu linapasuliwa, kupasuliwa kunauzidisha, kuzidi kunaonekana kuwa jipu limeenea, na kisu kinarudi. Wamo katika maandishi ya madaktari wagonjwa waliokatwa nyama ya mkono mara kadha, na hata waliopoteza vidole, kabla ya mtu kutanabahi.

Ugonjwa huu huhesabiwa kuwa tawi la ugonjwa mwingine uitwao ugonjwa wa Sweet. Na hapa tusimame kidogo, kwa kuwa jina hili limekwisha zua mkanganyiko. Binti wa mzee alilisikia wodini, akakumbuka kuwa maana yake kwa Kiingereza ni tamu, akawapigia simu jamaa wa Unguja kuwaambia baba ana sukari. Kwa siku mbili mzee akanyimwa tende. Ugonjwa huu hauna uhusiano na utamu wowote. Sweet ni jina la mtu: Dakta Robert Douglas Sweet, Mwingereza, daktari wa ngozi katika mji wa Plymouth, ambaye mwaka 1964 aliandika habari za wanawake 8 aliowatibu. Walikuwa na homa, nyutrofili nyingi katika damu, na vivimbe vyenye maumivu vilivyotokea ghafla. Yeye hakuupa ugonjwa jina lake. Kazini kwake walikuwa wakiuita kwa majina ya ukoo ya wagonjwa wawili wa mwanzo. Wenzake ndio waliompa heshima hiyo baadaye. Mwaka 1995 madaktari wa Australia waliandika juu ya wagonjwa ambao vivimbe vyao vilikuwa mikononi tu, na wakadhani ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani wakaupa jina refu tulilolitaja juu, na wengi wakakubali kwamba ni jamaa ya ule wa Plymouth.

Mambo hayo yangekuwa ya wataalamu peke yao, tusingeyachosha macho yenu nayo, kama si jambo moja. Katika ugonjwa wa Sweet, karibu mgonjwa mmoja katika kila watano hukutwa na saratani mwilini, na nyingi katika hizo ni za damu. Katika ule wa mikono pia, sehemu kubwa ya wagonjwa, ingawa si wote, hukutwa na ugonjwa mwingine nyuma yake. Wengine ni ugonjwa wa uvimbe wa matumbo, wengine baridi yabisi ya viungo, wengine dawa walizotumia. Lakini unaotajwa sana ni ugonjwa wa damu, hasa ule ambao uboho wa mifupa hutengeneza chembe za damu zenye kasoro, zisizokomaa sawasawa. Huo Waingereza huuita kwa herufi tatu, MDS. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 60. Dalili zake ni zile ambazo kila mzee huzidharau: kuchoka, kuishiwa na pumzi, rangi kupauka, kuvilia damu bila ya kugongwa, maradhi madogo madogo yasiyokwisha. Kwa baadhi ya wagonjwa hukaa miaka mingi bila ya kubadilika. Kwa wengine hugeuka lukemia, yaani saratani kali ya damu.

Mara nyingine mkono hutangulia. Ngozi huugua leo, na damu huonyesha kasoro baada ya miezi, au hata miaka. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona mkono wake hajamalizana na daktari, hata kama damu yake ya leo ni nzuri.

Elimu yenyewe bado inakwenda. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza ugonjwa ambao kabla ya hapo haukuwa na jina, baada ya kuwakuta wanaume 25 wenye kasoro moja ya kijeni iliyozuka ndani ya uboho wao ukubwani. Hawakuzaliwa nayo wala hawawezi kuwarithisha watoto wao. Ugonjwa huo, VEXAS, huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Huwaletea homa zisizoeleweka, uvimbe wa masikio na pua, upungufu wa damu, na vivimbe vya ngozi vinavyofanana sana na vya Sweet. Pengine baadhi ya wazee walioambiwa zamani kuwa wana ugonjwa wa Sweet walikuwa na huu.

Turudi wodini. Daktari wa ngozi alisimamisha upasuaji wa tatu uliokuwa umekwisha pangwa. Akakata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita chache, mfano wa punje ya mtama, kutoka ukingoni mwa uvimbe mpya, akakigawa: nusu kwenda kutazamwa kwa hadubini, nusu kwenda kuoteshwa ili ijulikane kama kuna vijidudu. Akaagiza hesabu kamili ya damu na kutazamwa kwa umbo la chembe zake. Mtauliza, ikiwa chuma huuchochea ugonjwa, kwa nini akakata? Kwa sababu hapana njia nyingine ya kuwa na yakini, na tundu dogo moja ni jambo jingine kabisa na kufukua mkono. Majibu yalionyesha ngozi imejaa nyutrofili na hakuna kijidudu. Damu ilikuwa pungufu, chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, na zile za kugandisha damu zimeshuka.

Dawa iliyo ya kwanza ni ya jamii ya steroidi, prednisoloni. Hatujapata kuona dawa ikifanya kazi upesi namna ile. Siku ya pili homa ilikwisha, siku ya nne mzee alikunja vidole, na katika wiki ya tatu ngozi ilikuwa inajifunga. Kupona upesi hivyo nako ni ushahidi, kwani jipu la kweli likipewa steroidi peke yake lingezidi.

Lakini kuna mambo kuhusu dawa hizi yanayotuhusu sisi zaidi kuliko wenyeji wa nchi hii, na daktari asiyetufahamu anaweza kuyapita. Mgonjwa wa sukari akipewa prednisoloni sukari yake hupanda, na wazee wetu wenye sukari ni wengi. Apimwe mara kwa mara. Tena, sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukitembea miguu mitupu, huenda tumebeba tumboni mnyoo mdogo sana uitwao stronjiloidesi, ambao huingia kwa ngozi ya miguu na huweza kuishi ndani ya mtu kwa makumi ya miaka bila ya kumsumbua. Steroidi hudhoofisha ulinzi wa mwili, na mnyoo huo huweza kuzaana na kuenea mwili mzima hadi kuua. Kipimo chake ni cha damu, na dawa yake ipo. Mwambieni daktari mgonjwa alizaliwa wapi na aliishi wapi, hata kama ni miaka 40 iliyopita. Ndivyo pia kwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B.

Baadhi ya wagonjwa hupewa dapsoni badala ya steroidi, au pamoja nayo. Wengi wetu tuliisikia dawa hiyo nyumbani katika matibabu ya ukoma. Mtu asishtuke akaona ameambiwa ana ukoma. Ila dapsoni huvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo umeenea kwa watu wa Oman na wa pwani yetu kuliko kwa Waingereza. Kuna kipimo chake, nacho hufanywa kabla ya dawa. Kolchisini pia hutumika, ile inayojulikana na wenye jongo.

Na Ramadhani? Aliyetumia prednisoloni zaidi ya wiki chache haruhusiwi kuikata ghafla, kwa kuwa mwili wake umekwisha acha kutengeneza ya kwake. Kuikata kwa siku moja kwa ajili ya saumu ni kujitia hatarini. Kwa kawaida humezwa mara moja asubuhi, na daktari anaweza kutazama kama saa zake zinaweza kusogezwa. La sivyo, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, nayo ni ruhusa ya kutumiwa. Kadhalika kwa udhu: mzee wetu alikuwa akifungua bendeji mara tano kwa siku ili maji yafike kwenye kidonda, na bendeji kila ikibanduliwa ilitoka na ngozi. Imamu wetu alipomwambia kuwa apanguse juu ya bendeji kwa mkono wenye maji, alilia. Alikuwa ameona haya kuuliza.

Haya ilimtesa katika mengine pia. Aliacha kwenda msikitini kwa kuogopa kupeana mikono, akawa anakula peke yake chumbani kwa kijiko. Ugonjwa huu hauambukizi. Haupiti kwa kushikana mikono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa taulo.

Tunaongeza la macho. Vitabu vingi vya madaktari vina picha za mikono myeupe, na humo huandikwa kuwa uvimbe ni mwekundu. Katika ngozi zetu wekundu huo hauonekani. Huonekana weusi uliozidi, au zambarau, au mng'ao kama wa ngozi iliyovutwa. Mgonjwa ndiye anayeijua rangi ya mkono wake wa siku zote. Picha iliyopigwa kwa simu tangu siku ya kwanza, kila siku moja, ilimsaidia daktari yule kuliko maneno yetu yote.

Hatusemi kwamba madaktari wapasuaji wakataliwe. Wingi wa majipu ni majipu, na maambukizo ya kweli ya mkono, yenye homa na kuenea kwa saa chache, huweza kuua. Mtu mwenye hayo akimbilie idara ya dharura usiku huohuo. Tunalosema ni hili: uvimbe wa mgongo wa kiganja usiosikia antibayotiki, usioota kijidudu maabara, uliozidi baada ya kutumbuliwa au kupasuliwa, au uliotokea mikono yote miwili, mgonjwa au jamaa yake aombe kwa adabu aonwe na daktari wa ngozi na akatwe kipande cha uchunguzi kabla ya kisu kingine, na damu yake ihesabiwe. Na wanaotafsiri watafsiri kila neno, hata lile wanaloliona halina maana. Hospitali za nchi hii zina utaratibu wa kuleta mkalimani, ana kwa ana au kwa simu, bila ya mgonjwa kutozwa; aombwe mapema. Tumefundisha lugha miaka mingi, na bado tuliona siku ile kwamba kujua lugha mbili si sawa na kujua kukalimani.

Lilibaki jambo la uboho. Daktari wa damu alitaka kuuchukua kidogo ili autazame, na mzee akakataa katakata, kwani alisikia kwamba atatobolewa uti wa mgongo na hatatembea tena. Kosa hili ni letu sote. Wengi katika Kiswahili tunachanganya uboho na uti. Uboho ni ule ute uliomo ndani ya mfupa, tunaounyonya katika mfupa wa nyama. Huchukuliwa nyuma ya mfupa wa nyonga, mbali na uti, kwa sindano, baada ya ganzi. Safari hii alikuwapo mkalimani wa hospitali, mama wa Mombasa, aliyemwonyesha kwa kidole chake mwenyewe mahali penyewe. Mzee akamwambia, "Mwanangu, kama ni hapo tu, wamenitia hofu ya bure." Akakubali.

Alikutwa na MDS ya daraja ya chini. Hajahitaji dawa kali. Hupimwa damu kila baada ya miezi mitatu, na mara moja uvimbe ulimrudia mkono wa kulia, akawahi, ukatulizwa kwa dawa bila ya kisu. Mkono wa kushoto una kovu palipopasuliwa, na kidole gumba hakifunguki chote. Anadarizi, ila polepole, kwa kutondoo kwenye kidole na glavu nyembamba mkono wa kushoto, maana mchomo wa sindano kwake sasa si jambo dogo. Ametuagiza tuwaarifu waliokwisha lipia kofia za Idd kwamba zitachelewa, na kwamba hatorudisha pesa ya mtu.